Hodi mara tatu: kumtengenezea mtoto kitabu cha picha cha dini na maisha ya nyumbani

Nasomesha chuo cha Kurani hapa Unguja mjini, watoto wa miaka 3 mpaka 6. Wanakuja baada ya sala ya alasiri, wengine punje za wali bado ziko mashavuni, wanakaa kwenye jamvi, na kabla hatujagusa alifu wala bee nawasomea kitabu cha picha. Vitabu hivyo nimevishona mwenyewe kwa sindano na uzi. Mpaka sasa viko 11. Wazazi wananiuliza navitengenezaje, na kila mara nashindwa kuwaeleza pale mlangoni, mtoto anavuta buibui la mamake wanataka kwenda zao. Basi nimekaa kuandika.

Kitabu changu cha kwanza nilikijaza nguzo zote 5 za Uislamu. Shahada, sala, zaka, saumu, hija, kila moja na picha yake. Niliporudi nyumbani siku ile nilikuwa na huzuni, maana watoto walimtazama ngamia kwenye ukurasa wa hija, wakauliza anakula nini, na hapo ndipo palipoishia. Kosa lilikuwa langu. Mtoto wa miaka 4 nguzo anayoijua ni ile inayoshikilia banda la uwani. Anachokijua vizuri ni mkono wake, sinia la kwao, mlango wa jirani, kopo la maji. Tangu hapo kila kitabu nakipa tendo moja tu, na tendo lenyewe liwe mtoto amekwisha kuliona likifanywa kwao.

Tendo unalitafuta wapi

Chukua daftari ukae nalo siku moja nyumbani, toka alfajiri mpaka isha. Andika kila jambo lenye dini ndani yake ambalo mtoto analiona kwa macho. Mimi niliandika haya: bisimillahi ya chakula, mguu wa kushoto kuingia chooni, alhamdulillahi baada ya chafya, kufunika vyombo usiku, kuvua viatu mlango wa msikiti, kumpelekea jirani futari, hodi.

Hodi ilinisimamisha. Hapa kwetu hakuna mtoto asiyeijua. Anapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kukiwa kimya anageuka. Wengi tunadhani hiyo ni adabu ya Waswahili tu. Lakini katika hadithi iliyopokewa na sahaba Abu Musa al-Ash'ari, nayo imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba mtu akiomba ruhusa mara 3 asipate, na arudi. Na Sura An-Nur, aya ya 27 na ya 28, inakataza kuingia nyumba za watu bila idhini na bila kuwasalimu wenyewe, na inaamrisha kwamba ukiambiwa rudi, urudi. Mtoto wa mtaa wa Mwembetanga anaitekeleza aya hiyo akiwa na sahani ya kaimati mkononi. Sina haja ya kumletea jangwa na mahema. Namchorea mlango wa jirani.

Kisa cha kitabu hicho ni kifupi. Ni Ramadhani, magharibi inakaribia. Mama anatoa kaimati, anazifunika kawa, anamtuma mtoto kwa bibi wa nyumba ya tatu. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mtoto anauona mlango uko wazi kidogo, na harufu ya uji inatoka. Ya tatu, kimya. Anarudi na sahani yake. Njiani anakutana na bibi mwenyewe anatoka dukani kununua tende. Wanarudi pamoja, na sahani hairudi kwa mama tupu: inarudi na vitumbua 2. Watoto wangu wanashika pumzi kwenye ule ukurasa wa mlango ulio wazi kidogo. Hapo ndipo kazi yote ya kitabu ilipo, kwa sababu hapo mtoto anataka kuingia na hajaingia. Kisa chako nacho kitafutie ukurasa kama huo, mahali ambapo tendo lina uzito kwa mtoto.

Hadithi za Mtume zenyewe zina watoto wengi ndani yake, na hazihitaji kuongezwa chumvi. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto akilelewa nyumbani kwa Mtume. Mkono wake ulikuwa ukizungukazunguka kwenye chombo cha chakula, Mtume akamwambia amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Hakumpiga kibao cha mkono, hakumtoa kwenye chakula. Mwenyewe Umar akisimulia anasema toka siku hiyo hivyo ndivyo alivyokuwa akila. Sisi tunaokula sinia moja, tena watu 6 au 7, mtoto hahitaji kuelezwa chochote. Nilichora sinia kubwa la duara, wali katikati, mikono pande zote, na mkono mmoja mdogo unaosafiri kukifuata kipande cha samaki changu kilicho upande wa pili.

Jambo moja nalisema kwa moyo wote: usimtie mtoto motoni katika kitabu cha picha. Mzazi mmoja aliniletea kitabu alichokinunua, ukurasa wa mwisho una ndimi za moto kwa ajili ya mtoto aliyesema uongo. Binti yake wa miaka 5 alikuwa halali mpaka taa iwashwe. Umri huo mtoto anajenga mapenzi na Mola wake. Akikosea katika kitabu, mpe mtu wa kumshika mkono amwoneshe, kama alivyooneshwa yule wa kwenye sinia.

Picha, na swali la nyuso

Kuhusu kuchora viumbe wenye roho masheikh wamekhitalifiana, na katika mtaa mmoja utakuta familia zenye misimamo tofauti. Wapo wanaozuia kabisa. Wapo wanaoruhusu vya watoto wadogo, na hoja yao ni Bibi Aisha, mke wa Mtume, Mwenyezi Mungu amridhie, aliyekuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume bila kukatazwa. Mimi nasomesha watoto wa wote hao, kwa hiyo nilitafuta njia ambayo hakuna mzazi atakayekirudisha kitabu.

Nachora mikono. Chukua kiganja cha mtoto mwenyewe, kilaze kwenye karatasi, kizungushie penseli. Umepata mkono wa kitabu, na mtoto ataujua kuwa ni wake. Mkono unapiga hodi, unashika kopo, unapokea sahani, unaweka kofia kichwani, unanyoosha kidole kwenye tahiyatu. Mikono ikikwisha, nachora miguu: miguu na kandambili zilizopangwa mlango wa msikiti zinatoa picha nzuri kuliko msikiti wenyewe. Na mtu mzima namchora kwa nyuma, mpaka mabegani.

Nguo za wanawake sizichori. Naenda kwa fundi cherehani, naomba vipande vya kanga alivyokata, nakata umbo la mwanamke aliyejitanda, nabandika kwa gundi nyeupe. Watoto wanapapasa ukurasa, wanasema, "Hii ya bibi!" Vipande vya kikoi vinafaa kwa baba. Angalia tu usibandike kitambaa kwenye kila ukurasa, kitabu kitavimba kisifunge. Mimi naweka kwenye kurasa 3 au 4, kisha nakilaza usiku kucha chini ya jiwe la kusagia.

Baba naye apewe kazi. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Kwa hiyo katika kitabu changu cha daku anayekoroga uji ni baba, na mama anamwamsha mtoto.

Mitume hawachorwi, wala masahaba mimi siwachori. Hilo halikuzuii kusimulia. Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kidege chake. Kidege kikafa, mtoto akahuzunika, na Mtume akamuuliza kwa upole: ewe Abu Umayr, kidege kimefanya nini? Kwa Kiarabu maneno hayo yana vina, umayr na nughayr, yaani kidege, na mtoto anacheka akiyasikia. Nilichora mti, kiota, unyoya mmoja ardhini, na mikono miwili midogo iliyokunjwa magotini. Aliyesema hatumuoni, tunamsikia. Mtoto ambaye kuku wake ameliwa na kicheche anakielewa kitabu hicho hata kabla sijafungua mdomo.

Kuna mtoto aliniuliza, "Mwalimu, Mwenyezi Mungu yuko ukurasa gani?" Nilimjibu kwamba Mwenyezi Mungu hafanani na kitu chochote, ndiyo maana hachorwi, ila mti kauumba Yeye, na kidege, na mkono wake mwenyewe mtoto. Akautazama mkono wake muda mrefu. Jitayarishie jibu lako mapema, swali hilo litakuja.

Karatasi, sindano na uzi

Chukua karatasi 4 za A4, ziweke pamoja, zikunje katikati. Umepata kurasa 16. Jalada ni manila iliyokatwa kubwa kidogo kuliko karatasi. Ukurasa wa 1 uwe wa jina la kitabu. Kutoka wa 2 mpaka wa 15 kila ukifungua unaona kurasa 2 kwa pamoja, kwa hiyo una mifunguo 7. Hesabu hiyo iandike juu ya daftari lako, kwa sababu kisa kizima lazima kiingie katika mifunguo 7. Ule wa katikati, ukurasa wa 8 na wa 9, ni karatasi moja isiyokatika; hapo weka picha kubwa. Mlango wangu wa bibi uko hapo.

Udhu unaingia humo sawasawa: viganja, kusukutua, pua, uso, mikono mpaka viwiko, kichwa na masikio, miguu mpaka vifundoni. Mifunguo 7. Kwenye uso nilikwama, maana sichori nyuso, mpaka nikachukua karatasi ya fedha iliyomo ndani ya pakiti ya biskuti, nikainyoosha kwa mgongo wa kijiko, nikaibandika. Mtoto akiinama anaona uso wake kwa mbali unang'aa. Huo ndio ukurasa unaochakaa mwanzo.

Andika namba za kurasa kwa penseli karatasi zikiwa bado zimekunjwa, halafu ndiyo uzitenganishe uchore. Ukizitenganisha bila namba utachanganyikiwa, kwa sababu ukurasa wa 16 uko karatasi moja na wa 1, wa 2 na wa 15, wa 3 na wa 14. Kurasa mbili zinazolala ubavu kwa ubavu kwenye upande mmoja wa karatasi iliyokunjuliwa zikijumlishwa ni 17 daima. Ukitaka kutoa fotokopi mpe kijana wa dukani kanuni hiyo, hatakukosea.

Kushona: toboa matundu 3 kwenye mkunjo, moja katikati, moja juu, moja chini. Uzi mnene wa kushonea kofia ni mzuri. Ingiza sindano kutokea ndani, tundu la katikati, itoke nje. Rudi ndani kwa tundu la juu. Vuka kwa ndani mpaka tundu la chini, toka nje. Rudi ndani kwa tundu la katikati. Ncha mbili za uzi zitakutana ndani, moja kila upande wa ule uzi mrefu; zifunge juu yake. Pini za stepla ni za haraka, lakini zinashika kutu kwa hewa yetu ya bahari na kuchoma vidole, nimeziacha.

Halafu upande wa kuanzia. Watoto hawa juzuu yao inafunguliwa kutoka kulia, na daftari la skuli kutoka kushoto. Wakishika kitabu changu nusu yao wanaanza mwisho. Nilichora unyayo mdogo wa kijani kwenye kona ya jalada: mguu unaingilia hapa. Tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Maneno

Maneno yawe machache, mstari mmoja kwa kila mfunguo. Mimi napima kwa mizani 8, yaani silabi 8, kama mshororo wa utenzi, kwa sababu masikio yetu ya pwani yameshazoea kipimo hicho, na mtoto anaukamata mstari kwa kusikia mara 2. Kitabu cha hodi kina hii:

Hodi hodi, nimefika.
Hodi ya pili naita.
Ya tatu, sijasikia.
Narudi kwetu salama.

Na cha sinia:

Bisimillahi naanza.
Wa kulia unakula.
Sinia lote si langu.
Mbele yangu panatosha.

Hesabu kwa vidole. Ukiona mstari una mizani 9, mdomo utajikwaa wakati wa kusoma, na watoto watajikwaa pamoja nawe. Ondoa neno. Usitafute neno kubwa la kuonesha ujuzi. "Istidhani", yaani kuomba ruhusa ya kuingia, ni neno zuri la darsa ya wakubwa, mtoto ana hodi.

Maneno ya Kiarabu niliyoyaandika kwa herufi za Kiarabu, dua au tamko, nampelekea mwalimu mwenzangu aliyehifadhi ayapitie kabla sijapaka wino. Irabu moja ikikosewa mtoto ataihifadhi ilivyo, na kumtoa kwenye kosa ni kazi ya miezi. Aya siziandiki kabisa. Kitabu cha mtoto kinaburutwa, kinakaliwa, kinalambwa, na nisingependa maneno ya Mwenyezi Mungu yawe humo. Kwa sababu hiyohiyo kitabu changu cha adabu za chooni hakina dua wala jina la Mwenyezi Mungu hata mahali pamoja, kwani najua mtoto ataingia nacho. Dua naisema kwa mdomo wakati wa kusoma, nao wanafuatisha. Kitabu kilichotaja jina la Mwenyezi Mungu kikichakaa kisichofaa tena, hakiendi jaani; tunakichoma na majivu tunayafukia.

Kusoma nao

Siku ya kwanza soma moja kwa moja, bila maswali. Siku ya pili nyamaza kabla ya neno la mwisho la kila mstari, walimalizie wao. Siku ya tatu mpe mtoto mmoja akishike yeye, wewe kaa kwenye jamvi na wenzake. Adhana ikianza, funga kitabu hata kama mlango wa bibi bado uko wazi kidogo. Watarudi kesho kuumalizia.

Usiulize, "Tumejifunza nini?" Nilikuwa naliuliza swali hilo, nikaona watoto wanatafuta jibu la kunifurahisha na kisa kinakatika. Siku hizi tunakwenda mlangoni. Mmoja anatoka nje, wengine ndio wenye nyumba, na wanaamua wenyewe kama wataitika au watanyamaza. Kurudi bila kununa ndiko wanakokufanyia mazoezi zaidi kuliko kitu kingine, na wanapenda zaidi kuwa yule anayerudi. Mama mmoja alinambia mwanawe amepiga hodi mlango wa chumba chao usiku, mara 3, akarudi kulala. Alikuja kunihadithia asubuhi akiwa na machozi.

Na kama unaishi kwingine, badilisha picha zilingane na kwenu. Mdogo wangu yuko Maskati, jengo lao lina lifti na kengele mlangoni. Nilimtumia fotokopi ya kitabu cha hodi, akabandika picha ya kengele juu ya mlango wangu wa mbao, na wanawe wanabonyeza mara 3. Aliyeko Dar es Salaam mwenye jirani Mkristo, sahani ya futari iende kwa jirani huyo, kwani ndivyo inavyokwenda kweli.

Vitabu vya kununua navyo vipo, na vizuri vipo. Dukani mimi nakifungua katikati, nasoma mistari 2 kwa sauti, natazama kama mpangilio wa udhu uko sawa, kisha natafuta mtoto anafanya nini humo. Akiwa anasimama tu anasikiliza mawaidha kurasa zote, nakirudisha.

Ukurasa wa 16 uache mtupu. Penseli iwe imefungwa kwa uzi uleule wa kushonea, sentimita 20 hivi, isipotee. Humo mtoto atachora mlango wa kwao. Kwenye kitabu chetu cha hodi iko milango 14 sasa hivi, mmoja juu ya mwingine, na mmoja una paka.